Kuhusu kuchora katuni za magazeti: niliyoyapitia mie

Mdogo wangu umeuliza kama katuni za magazeti ni kazi ya kukuweka mjini na kama ununue tableti ya kuchorea kwanza. Tableti iache, anza na penseli na daftari.

Mie nlianza skuli hapa Unguja, nanakili Lodi Lofa na Madenge, wale wahusika wa gazeti la katuni la Sani, nakala moja inazunguka mtaa mzima mpaka inachanika. Baadae nkawa nachorea gazeti moja la katuni la Dar, ukurasa mmoja kila toleo, natia kwenye bahasha ya kaki na kipande cha boksi usikunjike nashuka bandarini Malindi kumpa mtu wa boti. Hela mwezi huu inakuja, miwili haiji, na gazeti likafa kurasa zangu sita hazijalipwa, iliniuma sana ile. Nyumba ilikuwa inakwenda kwa kuandika vibao vya maduka. Walioishi kwa katuni tu, kama mchoraji Gado alotoka Dar akaingia gazeti la Nation kule Nairobi 1992, ni watu wa magazeti ya kila siku, kwa hiyo kazi nyengine usiiache.

Sasa nafundisha watoto Jumamosi, na karibu kila anaekuja mara ya kwanza anachora sura nzuri kweli, nywele moja moja, lakini mikono kaificha, iko mfukoni au nyuma ya mgongo, kwa sababu mkono mgumu. Na katuni ni mkono jamani! Nawapeleka marikiti wakaangalie watu wanavopatana bei, yule anaekataa, yule anaejidai anaondoka, dakika mbili kila mtu na ufutio hakuna. Tukirudi nafunika maneno kwa karatasi namwita mtoto mwengine, kama hajui nani anamlaghai nani basi mchoro bado, hata uwe mzuri vipi. Wapo waliolia kwa hilo, nawakalisha tunaanza tena, na siku mkono unapokubali natamani ungeuona uso wa mtoto.

La ufundi, andika maneno kwanza ndo uyazungushie puto, ule mduara wa maneno ya msemaji, ukitanguliza puto maneno yatabanana. Na chora kubwa kuliko itakavochapwa, mara moja na nusu hivi, ikipunguzwa mistari inakaza.

Tupia hapa kurasa zako mbili tatu, maneno uyafunike, nami ntakwambia nimeelewa nini.