Mkilua unaungua majani

SWALI: Mche wangu wa mkilua niliupanda kando ya ukuta. Majani yanakauka kingoni. Nifanyeje? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Dada, ni jua na joto la ukuta. Mkilua, mti mdogo wa maua yanukiayo, ndugu wa mlangilangi, hukua kivulini katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, penye mboji ya majani. Uhamishe masika yakianza. Chimba shimo la sentimita 60 kwenye kivuli chepesi, changanya udongo na mboji iliyoiva. Ng'oa mche na donge lake zima. Mizizi ikikatika, utanyauka. Tandaza majani makavu, yasiguse shina, lisije likaoza. Na vilua, yaani maua yake, vya kikuba (kishada cha kunukia wanachovaa wanawake) chuma bustanini tu, kwani msituni mikilua ni michache.