Faili libaki, Git iliache

Mkuu, nimeweka .env (faili la mipangilio ya siri) kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ya kupuuzwa) lakini Git, programu inayotunza historia ya mradi, bado inalifuatilia. Nimekosea wapi?

.gitignore huzuia mafaili ambayo Git haijaanza kuyafuatilia. Lako lilishaingia, na kufunga geti hakumtoi mgeni aliyekwisha kukaa sebuleni. Mtoe kwanza:

`git rm --cached .env`

Ukisahau `--cached`, faili linaondoka hata kwenye diski, kwa hiyo soma amri mara mbili kabla ya kubonyeza. Ukiandika `git status` utakuta `deleted: .env`. Usishtuke, kilichofutwa ni jina kwenye orodha ya Git tu. Piga `ls -a` utaliona lipo palepale. Sasa weka komiti, yaani hifadhi badiliko hilo kwenye historia ya Git.

Na folda nzima ya node_modules (maktaba za JavaScript)?

Ni ileile, ongeza `-r`.

Nilifanya hivyo kwa config.yml. Mwenzangu alipovuta mabadiliko, lake likapotea. Ananilaumu!

Ana haki. Komiti yako inasema faili limeondolewa, na kwake Git inatii kwa kulifuta. Ungemwambia mapema alinakili pembeni. (Mimi nimeshapigiwa simu usiku kwa kosa hilihili.) Kama komiti hiyo ndiyo ya mwisho, alirudishe hivi (`HEAD~1` ni komiti iliyoitangulia):

`git show HEAD~1:config.yml > config.yml`

.env ilikuwa na nywila ya hifadhidata. Sasa niko salama?

Hapana, ndugu yangu. Jaribu `git log -p -- .env` uone historia yake inavyomwagika yote, nywila ikiwemo. Kama mradi ulishapandishwa mahali wengine wanapoufikia, badilisha nywila leo, kabla hujagusa kingine. Kusafisha historia kwa `git filter-repo` kunafuata baadaye, na kuna usumbufu wake: vitambulisho vya komiti vinabadilika, hivyo timu nzima inakili mradi upya.

Nataka config.yml ibaki kwenye mradi, ila mabadiliko yangu yasionekane. Nitumie --assume-unchanged (kuiambia Git ichukulie faili halijabadilika)?

Wengi wanaitumia, lakini iliwekwa ili Git isipoteze muda kukagua mafaili, si kuyaficha. Hata ndugu yake, `--skip-worktree`, haikukusudiwa kazi hiyo. Siku faili likibadilika upande wa wenzako, kuvuta kunagoma. Weka config.mfano.yml kwenye mradi, config.yml halisi iingie .gitignore, na kila mtu anakili mfano na kujaza ya kwake.