Mbwa alinikimbiza, sindano ikaniangusha

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwezi uliopita nilikwenda maabara kupimwa damu. Sindano ilipoingia tu, masikio yalivuma, jasho jembamba likanitoka, macho yakaona giza, nikazindukia sakafuni. Muuguzi alisema ni woga. Lakini mwaka jana nilifukuzwa na mbwa, nikaogopa zaidi ya hapo, na bado nilitimua mbio hadi nikaruka ukuta. Woga huohuo unawezaje kuleta mambo mawili yanayopingana?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Muuguzi hakukosea, ila hakumaliza maelezo, kwa kuwa jibu limo katika namna mishipa ya fahamu, yaani neva, ilivyopangwa mwilini. Sehemu inayoendesha moyo, mishipa ya damu, matumbo, kibofu na tezi bila kungoja amri yetu huitwa mfumo wa neva unaojiendesha, jina alilolipendekeza mwanafiziolojia wa Uingereza, John Langley, mwaka 1898. Una matawi mawili makubwa, simpathetiki na parasimpathetiki, mbali na mtandao wa neva uliomo katika kuta za utumbo, ambao leo tutauacha.

Tuanze na mbwa. Nyuzi za simpathetiki hutoka katika ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, kuanzia usawa wa kifua hadi sehemu ya juu ya kiuno, na mara zinapotoka huingia katika minyororo miwili ya vifundo vya neva, yaani mafungu ya seli za neva, iliyolala kandokando ya pingili za mgongo, mmoja kulia na mwingine kushoto, kutoka shingoni hadi kwenye kifandugu. Humo uzi mmoja huweza kupasha ujumbe seli nyingi, za juu yake na za chini yake, ndiyo maana tawi hili hupenda kuamsha mwili mzima kwa pamoja: mboni hupanuka, moyo huenda mbio, malaika ya ngozini husimama, tumbo hupunguza kazi. Nyuzi nyingine hupita vifundo hivyo bila kutua, zikafika hadi kiini cha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nacho kikamwaga adrenalini katika damu. Kwa kuwa homoni hiyo huchukua muda kuisha, sitashangaa ukiniambia kwamba uliendelea kutetemeka hata ulipokuwa salama upande wa pili wa ukuta.

Parasimpathetiki hutoka kwingine kabisa: kwenye shina la ubongo, na kwenye sehemu ya mwisho ya ugwe inayohudumia viungo vya nyonga. Vifundo vyake viko karibu na kiungo chenyewe au ndani yake, hivyo amri zake hulenga mahali maalumu. Neva yake kubwa ni vagasi, jina la Kilatini lenye maana ya mzururaji, na kweli inazurura: hushuka shingoni sambamba na ateri kubwa ya kichwa, ikagawa matawi kwa moyo na mapafu, ikapenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, pamoja na umio, hadi tumboni na sehemu kubwa ya utumbo. Moyo ukiachwa peke yake bila neva hupiga takriban mara 100 kwa dakika. Ukiwa umetulia na wako unapiga 70, ujue vagasi imeushikia breki. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliisisimua vagasi ya moyo wa chura, akachukua majimaji yaliyouzunguka na kuyatia kwenye moyo wa pili, nao pia ukapunguza mwendo. Neva, kumbe, hutoa kemikali. Leo tunaiita asetilikolini.

Sasa sindano. Watu wengi huyaeleza matawi haya kama mizani, moja likipanda jingine linashuka, na mimi naona mfano huo unapotosha, kwa sababu mishipa mingi ya damu ya miguu na mikono haina nyuzi za parasimpathetiki hata kidogo. Hubanwa na simpathetiki, na hulegea simpathetiki inaponyamaza. Kwa baadhi ya watu, kuona damu au kuchomwa sindano hufanya mambo mawili kwa mpigo: vagasi hukanyaga breki ya moyo, na simpathetiki huiachilia mishipa. Damu huzama miguuni na tumboni, shinikizo la damu hushuka, ubongo hupungukiwa, nawe unaanguka. Ukishalala chini damu hurudi kichwani kwa urahisi, ndiyo maana ulizinduka upesi.

Safari ijayo mwambie mhudumu mapema, utolewe damu ukiwa umelala chali. Ukianza kusikia masikio yakivuma, kaza misuli ya mapaja, matako na mkono usiochomwa, uilegeze kidogo, kisha ukaze tena. Misuli hiyo huisukuma damu kurudi juu. Lakini ukizimia wakati wa mazoezi, au ghafla bila dalili yoyote, au kifua kikiuma, usiihesabu kuwa ni woga: nenda hospitali moyo ukapimwe.