Paka anatapika karibu kila siku: angalia kwanza kinachotoka

Dada wa Pasua, pole kwa kuuguza. Umesema paka wako anatapika karibu kila siku ila bado anakula na kucheza, na jirani kakushauri umsagie Panadol kwenye maziwa. Tafadhali, usimpe kabisa. Ini la paka haliwezi kuisafisha paracetamol, dawa iliyomo kwenye Panadol, kama letu; damu yake inashindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Maziwa nayo weka pembeni. Paka wakubwa wengi hawayamudu, utamwongezea kuhara.

Mimi nafuga huku Sakina, Arusha. Kabla ya kutafuta dawa yoyote, chuchumaa uangalie kilichotoka na namna kilivyotoka. Jike langu la kijivu alikuwa akimaliza kula tu, anainamisha shingo, chakula kinarudi bila tumbo kukazana. Dagaa walikuwa wazima, vichwa na macho yao, wameshikamana kwa ute. Yaani kabugia bila kutafuna, maana alikuwa anagombania bakuli moja na mwenzake. Nikawatenga, mmoja jikoni, mmoja barazani. Dagaa nikawa naosha mpaka mchanga na chumvi vitoke, nachemsha, naponda, kisha natandaza kidogo kidogo kwenye sinia pana ili alambe taratibu. Chakula cha siku nikakigawa mara nne. Akatulia kabisa. Kwa kuwa wako ana hamu ya kula, ningeanzia hapo.

Kutapika kwenyewe ni tofauti: analamba midomo, mate yanamdondoka, tumbo linakazana mara kadhaa ndipo kitoke. Donge la manyoya mara mojamoja si neno, mchane tu jioni. Likija kila wiki, kuna jambo. Ukiona minyoo mirefu myeupe, nenda duka la dawa za mifugo ukiwa unajua uzito wake (jipime umembeba, kisha jipime peke yako, utoe). Omba dawa ya paka. Usikubali kukisiwa kipimo kutoka kwenye dawa ya mbuzi.

Na kama mna ng'ombe uani, uliza siku ya kuogesha. Dawa za kupe zenye permethrin au amitraz ni sumu kwa paka, naye akilala palipomwagika atajilamba tu. Akitapika huku anatetemeka, mbebe uende kwa daktari wa mifugo.

Mfungue mdomo pia, uangalie chini ya ulimi. Uzi wa kushonea hupenda kunasa pale, huku ncha nyingine imeshateremka tumboni. Usiuvute, hata ukiuona unaning'inia nyuma, kwa sababu unaweza kukata utumbo. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Mpeleke siku hiyohiyo pia akitapika damu, akikataa chakula siku nzima, au akiwa mtoto asiyechanjwa na amelegea. Dume anayechuchumaa mchangani bila mkojo kutoka ndiye ananitisha zaidi: njia ya mkojo imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Watu hudhani amefunga choo, wanampa mafuta, muda unapotea.

Tuambie ni jike au dume, anakula nini, na anatapika muda gani baada ya kula. Mrekodi video akiwa anatapika. Daktari ataelewa haraka kuliko maelezo ya mdomo.