Maswali ya Wasomaji: Karatasi Tisa za Mtihani wa Uwakili

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: mtihani ambao mwenye shahada ya sheria nchini Kenya sharti aupite kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Mafunzo hutolewa na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria, KSL, iliyoko Karen, Nairobi. Mtihani wa kuandika uko mikononi mwa Baraza la Elimu ya Sheria, CLE. Karatasi ni tisa: kesi za madai, kesi za jinai, mirathi, uandishi wa kisheria, utetezi mahakamani, maadili ya uwakili, uendeshaji wa ofisi ya sheria, uhamishaji wa ardhi na mikataba ya biashara.

Nimebakiwa na wiki kumi na sita, na kazini natoka saa kumi na moja jioni. Nianze na karatasi ipi?
*Msomaji, Eldoret*

Anza na kesi za madai. Hiyo ndiyo karatasi inayozikopesha nyingine: hati ya madai na hati ya kiapo utakutana nazo tena kwenye uandishi, kwenye utetezi mahakamani na hata kwenye mirathi. Wiki tatu za kwanza soma madai na uandishi kwa pamoja. Wiki tatu zinazofuata zipe mirathi na ardhi, kwa sababu shamba la marehemu ni swali la karatasi zote mbili. Kisha wiki tatu za jinai na utetezi mahakamani, mbili za maadili na uendeshaji wa ofisi (hesabu ya pesa za mteja imo kotekote), na mbili za mikataba ya biashara. Hizo ni wiki kumi na tatu. Tatu zilizobaki usisome kitu kipya. Fanya karatasi za miaka iliyopita tu.

Kila jioni jipe saa mbili, moja ya kusoma na moja ya kuandika kwa kalamu. Ile ya kuandika isimezwe na ile ya kusoma. Wengi wanaoanguka wamesoma mpaka wiki ya mwisho bila kuandika jibu hata moja kamili, na mkono uliozoea kibodi huchoka kabla saa mbili hazijatimia. Karatasi ya alama 60 kwa saa tatu ni dakika 180. Toa kumi za kusoma maswali na kumi za kupitia majibu, zinabaki 160. Kwa hiyo swali la alama 10 lina dakika 26 hivi. Dakika hizo zikiisha, acha mistari michache wazi uhamie swali lingine.

Mtihani wa mdomo na mradi vimenipa 27 kati ya 40 katika kesi za madai. Wenzangu wananiambia nahitaji 23 tu kwenye karatasi. Ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Hesabu yao ni sawa. Mdomo ni alama 20, mradi 20, karatasi 60, na alama ya kupita ni 50. Lakini ukilenga 23 hujiachii nafasi ya kukosea. Swali moja la alama 10 likikushinda, zile 23 itabidi uzitoe kwenye 50 zilizobaki. Lenga 36.

Tena, dada yetu, karatasi hii haisahihishwi kama insha za chuo kikuu. Msahihishaji anatafuta hatua ambazo wakili angechukua siku hiyo hiyo mteja alipotoka ofisini. Chukua swali la kawaida: jirani anajenga juu ya kiwanja cha mteja wako, mshauri. Jibu linalosema "aende mahakamani aombe amri ya zuio" halijafika popote.

Jibu lenye alama huanza na mahakama. Mgogoro ni wa umiliki wa ardhi, kwa hiyo unatajwa uwezo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, si Mahakama Kuu. Pili, kesi yenyewe: hati ya madai lazima iwepo, maana ombi la zuio halielei hewani. Chini ya Agizo la 3 Kanuni ya 2 la Kanuni za Kesi za Madai za 2010, hati hiyo huandamana na kiapo cha kuithibitisha, orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyotiwa saini, na nakala za nyaraka pamoja na barua ya kudai haki iliyotangulia kesi. Tatu, ombi lenyewe chini ya Agizo la 40, likiwa na hati ya dharura na hati ya kiapo. Nne, vigezo vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: kesi yenye dalili ya kushinda, hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa, na jaji akiwa na shaka, uzito wa usumbufu kwa kila upande. Kila kigezo kifuatiwe na ukweli kutoka kwenye swali: hati miliki ya mteja, ukuta uliokwisha kufika kimo cha dirisha. Vigezo vikitajwa peke yake ni nusu ya jibu. Mwisho ni muda: amri iliyotolewa bila kumsikiliza mpinzani hutolewa mara moja tu, haizidi siku 14, na mpinzani lazima akabidhiwe nyaraka ndani ya siku tatu. Mistari hiyo miwili ya mwisho wengi huisahau, na ni alama za bure.

Kwenye uandishi wa kisheria naambiwa hati yangu ya kiapo "haijakamilika", wala sielewi kinachokosekana.
*Msomaji, Kisumu*

Tuipitie kutoka juu hadi chini.

Kichwa kina jina la mahakama na mji wake, nambari ya kesi (acha nafasi wazi kama swali halikuitaja), wahusika wote na nafasi zao, kisha jina la hati. Aya ya utangulizi inataja jina la mwapaji, anwani ya posta, mahali anapoishi, na kwamba ni mtu mzima. Anaapa kwa nafsi ya kwanza: mimi.

Aya ya 1 inaeleza yeye ni nani katika kesi na kwa nini anaweza kuapa. Ikiwa anaapa kwa niaba ya wadai wenzake, taja idhini yao ya maandishi na uiambatishe. Ikiwa ni mkurugenzi wa kampuni, taja kwamba ameruhusiwa na kampuni. Aya zinazofuata zina nambari, na kila moja ina jambo moja. Jambo alilolishuhudia linaandikwa wazi. Jambo aliloambiwa lazima litaje aliyemwambia, na hilo hukubaliwa tu kwenye maombi ya kabla ya hukumu. Kila waraka anaoutaja uwe na alama ya kielelezo, na alama ile ile iwe juu ya waraka wenyewe.

Usiweke hoja za kisheria humo. Hati ya kiapo inayotaja Giella imegeuka kuwa hotuba ya wakili.

Mkia ndipo penye maafa. Andika mahali palipoapiwa, tarehe, sehemu ya saini ya mwapaji, na sehemu ya kamishna wa viapo. Sheria ya Viapo, Sura ya 15, kifungu cha 5, inataka mahali na tarehe vionekane. Sehemu hiyo isisimame peke yake kwenye ukurasa mpya. Vuta angalau aya moja ya mwisho ishuke pamoja nayo, la sivyo msomaji hana hakika ni kiapo kipi kilichotiwa saini. Chini kabisa andika jina na anwani ya aliyeitayarisha hati, jambo linalodaiwa na kifungu cha 35 cha Sheria ya Mawakili. Tumia majina yaliyo kwenye swali. Usitie jina lako wala saini yako popote.

Fomu za mirathi zinanichanganya. Nikariri zote?
*Msomaji, Nyeri*

Hapana, kariri mafungu mawili. Marehemu asiyeacha wosia: ombi ni fomu P&A 80 (herufi hizo ni kifupi cha Kiingereza cha mirathi na usimamizi), kiapo chake P&A 5, ridhaa ya wenye haki sawa au iliyotangulia P&A 38, dhamana P&A 57, na kiapo cha wadhamini P&A 11. Aliyeacha wosia wa maandishi: ombi ni P&A 78 na kiapo P&A 3. Ambatisha cheti cha kifo, na kwa asiye na wosia weka pia barua ya chifu inayotaja waliobaki nyuma. Tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ni siku 30, na uthibitisho wa hati ya usimamizi huombwa baada ya miezi sita. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kusahau fomu ya 38 pale ndugu wanne wanapokuwa na haki sawa na ni mmoja tu aliyefungua ombi.

Na marehemu akiwa Mwislamu?
*Msomaji, Lamu*

Taja kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi kabla ya kitu kingine: mgawanyo wa mali hufuata sheria ya Kiislamu. Kisha 2(4), kwamba Sehemu ya VII inayohusu usimamizi wa mali bado inatumika. Halafu Kadhi: Ibara ya 170(5) ya Katiba inampa uwezo iwapo wahusika wote ni Waislamu na wanakubali kwenda mbele yake. Mjane akikataa, kesi huendelea Mahakama Kuu. Swali la aina hii huwekwa makusudi kumnasa anayekimbilia kugawa mali kwa vifungu vya 35 na 40 vya sheria hiyo.

Ardhi ya kilimo: ni nini hasa wanachotafuta?
*Msomaji, Kitale*

Idhini ya bodi ya ardhi, iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Bila idhini, mauzo ni batili na mnunuzi anabaki na haki ya kurudishiwa pesa zake. Ongeza mkataba wa maandishi uliotiwa saini na pande zote mbele ya shahidi, ridhaa ya mke au mume ikiwa ni mali ya ndoa, na ushuru wa stempu: asilimia 2 mashambani, asilimia 4 mjini.

Binamu yangu amenipa vitini vyake vya 2019. Vinafaa?
*Msomaji, Nakuru*

Kwa muundo wa majibu vinafaa, kwa nambari vina hatari. Mahakama ya Rufani ilipata kanuni mpya 2022: ilani ya rufani bado ni siku 14 na rekodi ya rufani bado ni siku 60, ila Kanuni ya 75 imekuwa ya 77, na ya 82 imekuwa ya 84. Mahakama ya Madai Madogo ilikuwa na kikomo cha shilingi 200,000. Tangu 2020 ni shilingi milioni moja, na kesi inapaswa kumalizika kwa siku 60. Sheria za 2012 kama ile ya Ardhi sasa zina nambari za Sura kwenye toleo lililorekebishwa. Pitia vitini hivyo na kalamu nyekundu ukilinganisha na tovuti ya Kenya Law, ukurasa kwa ukurasa. Usimpe mwenzako nakala kabla hujamaliza.

Niko Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Naweza kutumia vitini vya Kenya?
*Msomaji, Arusha*

Vya uandishi na utetezi, kwa mbinu. Vya taratibu, usithubutu. Kenya mdaiwa hupeleka utetezi ndani ya siku 14 baada ya kujitokeza. Kwenu maelezo ya utetezi ni siku 21 tangu kupokea hati. Ilani ya rufani Kenya ni siku 14, Tanzania siku 30. Hata zuio lina shauri lenu, Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, na msahihishaji wa Dar anayesoma Giella peke yake atajua mara moja vitini vimetoka wapi. Matokeo ya Oktoba 2022 yalikuwa makali: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Mnahitaji kila alama, ndugu yetu, na alama za siku na nambari ndizo rahisi kuliko zote kuzipata.

Nikisahau nambari ya kifungu katikati ya mtihani?
*Msomaji, Thika*

Andika jina la sheria na uieleze kanuni kwa maneno: "Sheria ya Kesi za Madai inatoa siku 30 za kukata rufani kutoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu." Kanuni iliyo sahihi bila nambari hupata alama nyingi kuliko nambari ya kubahatisha. Acha nafasi ya herufi tatu nne, uendelee. Zile dakika kumi za mwisho ndizo za kurudi kujaza nambari ya kifungu hicho, 79G.