Kukosa nafasi ya rezidensi Marekani: ulikwamia mlango upi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni daktari kutoka Kenya. Nilihitimu mwaka 2016, nikamaliza mwaka wa mafunzo kazini, kisha nikahudumu miaka mitatu katika hospitali ya kaunti. Nilikuja Texas mwaka 2021 kwa grini kadi, na sasa siku nne kila wiki hukesha nikiwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mtihani wa kwanza wa leseni niliufaulu mwaka 2022 na wa pili mwaka 2023 kwa alama 231, nikapata cheti cha ECFMG, kile wanachotakiwa kuwa nacho madaktari waliosomea nje ya Marekani. Msimu wa kwanza niliomba programu 120 za rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, katika fani ya magonjwa ya ndani, nisialikwe popote. Katika msimu wa 2025 niliomba 160, nikaalikwa kwenye usaili mara mbili, na Jumatatu ile ya mwezi Machi nikaarifiwa kwamba sikupata. Wiki hiyohiyo niliomba nafasi 45 zilizobaki wazi, na simu haikulia.

Majuzi usiku, nikimgeuza mzee mmoja kitandani, niliona mguu wake wa kushoto umevimba na una joto kuliko wa kulia. Nilimwambia muuguzi wa zamu, akanijibu kwamba kazi yangu ni kumgeuza. Kulipokucha mzee alipelekwa hospitali, akakutwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu. Nilikaa garini nikalia kama mtoto. Je, niombe mara ya tatu? Kuna wakala anayeniahidi nafasi kwa dola 6,000. Tena baba yangu huko Machakos ameshawatangazia watu wa kanisani kwamba mwanawe ni daktari Marekani. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba, daktari mwenzangu. Pole kwa yaliyokufika.

Nianze na wakala, maana hilo ni jepesi: usimpe hata senti. Tangu mwaka 2013, programu inayojisajili katika ulinganishaji wa taifa, yaani mfumo wa kuoanisha waombaji na programu kwa orodha za pande zote mbili, hutakiwa kuweka humo nafasi zake zote, isipokuwa kwa hali chache maalumu, kwa hiyo mtu wa pembeni hana nafasi ya kukuuzia. Zipo chache zinazoonekana baada ya wiki ile ya Machi, lakini hizo hutangazwa na programu zenyewe, na mwombaji huandika mwenyewe kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye ulinganishaji wenyewe, ambao madaktari wetu wameuzoea kwa jina la "mechi", hata utamsikia mtu akisema "mwaka huu sijamechi" kana kwamba timu yake imefungwa kwa penalti. Unasema umekosa mara mbili. Nikiisoma barua yako kama ninavyosoma faili la mgonjwa, naona magonjwa mawili tofauti yaliyotoa dalili moja. Mwaka wa kwanza hukuitwa popote, maana yake maombi yako yalikwamia mezani kabla mtu hajakuona uso. Mwaka wa pili uliitwa mara mbili, ukakwamia mlango mwingine kabisa. Anayetibu hali hizi mbili kwa dawa moja, yaani kuongeza idadi ya programu na kusali, atapoteza fedha.

Angalia takwimu za mwaka 2024. Madaktari waliosomea nje ambao si raia wa Marekani, nawe mwenye grini kadi umo katika kundi hilo, walipata nafasi kwa asilimia 58.5, ilhali wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD walipata kwa asilimia 93.5. Watu wetu huitaja hiyo 58.5 kama bahati nasibu yenye matumaini yanayozidi kidogo tu yale ya kutupa shilingi. Wanachosahau ni kwamba wanaohesabiwa ni wale tu waliowasilisha orodha ya programu wanazozitaka, na kwa kawaida mtu huorodhesha mahali alikofanyiwa usaili. Wewe wa mwaka wa kwanza, usiye na mwaliko hata mmoja, hukuwamo hata katika hesabu ya walioshindwa. Mlango mzito kwa mtu wa namna yetu ni mwaliko. Ukishavuka hapo, kila usaili unaouongeza unazidisha uwezekano, na kwa programu mbili tu kwenye orodha, kukosa ni jambo la kutarajiwa wala halisemi lolote kuhusu udaktari wako.

Kwa nini hukualikwa? Sijaliona faili lako, lakini mambo matatu yanajitokeza katika barua. La kwanza ni mwaka wa kuhitimu: programu nyingi huweka kikomo cha miaka mitano tangu shahada, na kompyuta huchuja kabla ya binadamu kusoma. Hilo huwezi kulibadilisha, ila unaweza kuacha kulipia programu zilizoandika wazi kwamba hazikutaki. Katika msimu ule wa 2025 ada ilikuwa dola 11 kwa kila programu hadi ya 30, kisha dola 30 kwa kila inayozidi. Maombi yako 160 ya fani moja yalikugharimu dola 4,230, na 3,900 kati ya hizo zilikwenda kwenye programu 130 za mwisho, ambazo nakisia hukupata hata muda wa kuzisoma masharti. Fedha hizo zingekulipia nauli, chumba na wiki kadhaa za kumfuata daktari kliniki.

Hilo linanileta kwenye jambo la pili. Hujataja hata mara moja kwamba umewahi kufanya kazi na daktari wa Marekani anayeweza kukuandikia barua. Kazi yako ya usiku ni ya heshima na usiifiche, lakini haihesabiwi kuwa uzoefu wa kitabibu. Barua ya mganga mkuu wako wa kaunti, hata ikiwa nzuri namna gani, inasomwa na mtu asiyemjua aliyeiandika. Tafuta barua mbili za hapa, za watu waliokuona ukichukua historia ya mgonjwa na kuiwasilisha mbele yao.

La tatu ni uchaguzi wa fani. Umeng'ang'ania magonjwa ya ndani peke yake, kwa alama 231, katika mwaka ambao kiwango cha kufaulu kilikuwa 214. Ni ufaulu, ila si alama inayokusemea wewe ukiwa kimya. Katika ulinganishaji wa 2024, zaidi ya nafasi 600 za udaktari wa familia zilibaki wazi. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu katika hospitali ya kaunti amezalisha, amewatibu watoto wenye homa, amefuatilia shinikizo la damu la bibi yuleyule mwezi hadi mwezi. Hayo ndiyo maisha ya daktari wa familia. Usijifanye unaipenda fani hiyo kama huipendi, watakugundua ndani ya dakika kumi za usaili. Lakini kama unaipenda, omba zote mbili, kila moja kwa maelezo yake binafsi, na zile ishara za kuonyesha programu unayoipa kipaumbele (katika msimu huo zilikuwa 15 kwa magonjwa ya ndani na 5 kwa familia) uzielekeze kwenye hospitali ambazo tayari zina madaktari waliosomea nje, badala ya zile zenye majina makubwa.

Kuhusu maelezo binafsi, nakisia yako yanaanza na ndoto ya utotoni, kama yalivyoanza yangu. Kile kisa cha mguu wa kushoto ulichoniandikia kwa mistari michache ndicho kinachokosekana humo. Kiandike bila kumtaja mzee wala kumlaumu muuguzi: ulichoona, ulichohofia, uliyemwambia. Msomaji aliyechoka na ndoto za utotoni atasimama hapo.

Basi, uombe mara ya tatu? Ndiyo, lakini kwa sharti kwamba kabla ya Septemba uwe umepata barua hizo mbili, na kwamba uandike leo, pamoja na mwenzi wako kama unaye, idadi ya mialiko ambayo ikikosekana utabadili njia. Mimi ningeweka mialiko minne. Njia nyingine zipo: jimbo la Missouri lilianzisha mwaka 2014 leseni ya daktari msaidizi kwa wahitimu wasio na rezidensi, na Tennessee ilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuwafungulia mlango waliosomea nje, kila moja ikiwa na masharti ya kusomwa kwa makini. Kurudi Nairobi kusomea shahada ya uzamili ya tiba nako ni njia, ingawa sitakudanganya kwamba huko kuna utulivu. Mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024 ulichochewa kwa sehemu kubwa na suala la madaktari wapya wasiopangiwa vituo na malipo yao.

Amebaki baba. Mwaka niliokosa mimi, barua pepe ilinikuta kwenye maegesho ya duka, nikiwa na gunia la mchele la kilo kumi kwenye kitoroli. Nilisoma, nikaupakia mchele, nikarudisha kitoroli mahali pake kwa uangalifu usio wa kawaida, kisha nikampigia mama simu Tanga nikamuuliza kama masika yameanza. Nilimuuliza habari za mvua miezi saba. Alipokuja kujua, hakusikitikia nafasi niliyoikosa. Alisikitikia ile miezi saba. Mpigie baba yako, umweleze kwamba Marekani daktari wa kigeni huanza upya kama mwanafunzi, kwamba kuna mlango wa kuingilia, na kwamba bado uko nje ya mlango huo. Ya kanisani mwachie yeye, anawajua watu wake.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mume wangu amefanyiwa usaili katika hospitali saba. Anayoipenda zaidi iko mjini Cleveland, lakini ndogo moja imemwandikia barua pepe ya kumsifu, na sasa anataka kuiweka hiyo ya kwanza kwenye orodha yake ya ulinganishaji ili asikose yote. Mimi naona anaogopa tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, dada yangu, na ushahidi upo wa kihesabu. Mpango huu wa taifa ulianza mwaka 1952. Mwaka 1962 wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walieleza namna ya kuoanisha pande mbili bila jozi yoyote kutamani kuvunja ndoa zao, na kanuni inayotumika sasa, iliyosanifiwa upya na Alvin Roth na Elliott Peranson, ilianza kazi mwaka 1998. Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2012. Kompyuta huanza na chaguo la kwanza la mwombaji. Cleveland ikiwa na nafasi, humshika kwa muda. Akija mwombaji ambaye hospitali hiyo inampenda zaidi, mumeo huachiwa na kupelekwa kwenye chaguo lake la pili, na huko hushindana kana kwamba ndilo alilolitaja kwanza. Hapotezi chochote kwa kuota ndoto yake juu kabisa ya orodha.

Barua pepe ya sifa haimfungi aliyeiandika. Kinachofunga ni matokeo, kwa hiyo hospitali ambayo mumeo hawezi kabisa kuishi nayo asiiorodheshe, ila zote nyingine aziweke, hata ya saba.

SWALI: Shikamoo, Daktari. Ninasoma udaktari Moshi. Nimeanguka mtihani wa kwanza wa leseni ya Marekani. Je, ndiyo basi?

JIBU: Marahaba. La, lakini umejiongezea mlima. Tangu tarehe 26 Januari 2022 mtihani huo hautoi alama, bali kufaulu au kutofaulu tu, na anguko hubaki kwenye rekodi mbele ya kila programu. Alama zinazotazamwa sasa ni za mtihani wa pili, na huko ndiko utakakojisafishia jina. Kila mtihani una kikomo cha majaribio manne, ingawa programu nyingi huanza kusita baada ya la kwanza. Usilipie tarehe mpya kwa hasira. Fanya kwanza mtihani wa majaribio wa kujipima, na ukivuka kiwango kwa nafasi mara mbili mfululizo, ndipo ulipie.