Re: Mwingereza wa kawaida anachaguaje chama?

Mkuu, umeuliza kama Waingereza husoma ilani kwanza ndipo wachague chama. Wanaosoma ni wachache sana. Zamani tabaka ndilo lililoamua: mchimba makaa ya mawe Labour (chama cha wafanyakazi, mrengo wa kushoto), mwenye duka Conservative (wahafidhina, mrengo wa kulia), na mtoto akarithi chama cha baba yake. Hilo limelegea. Siku hizi umri una uzito zaidi. Vijana huelemea Labour na Greens (chama cha mazingira), wazee vyama vya mrengo wa kulia. Halafu kura ya Brexit ya 2016, ya kujitoa Umoja wa Ulaya, ikavuruga mambo, hata jimbo la Bolsover, ngome ya Labour na wachimba migodi, mwaka 2019 likaenda kwa Conservative ya Boris Johnson.

Ila kubwa ni hesabu za jimboni. Mgombea anayeongoza jimboni anashinda hata bila kufikisha nusu ya kura, kwa hiyo wengi humpigia wasiyempenda sana ili kumzuia wasiyemtaka kabisa. Ndiyo maana matokeo ya uchaguzi mkuu wa 2024 yalikuwa kichekesho: chama cha Reform UK (mrengo wa kulia) takriban asilimia 14 ya kura, wabunge 5, Liberal Democrats (chama cha mrengo wa kati) asilimia 12, wabunge 72!

Na kama unaishi huko kihalali kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, jiandikishe. Raia wa Jumuiya ya Madola wanaruhusiwa kupiga kura.